Ving'amuzi, bando na haki za ligi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu soko la matangazo Tanzania

Ligi ikikaribia kuanza, au kifurushi kikipanda bei, maswali huwa ni yale yale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake. Mengi yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sehemu yake huko chini. Utaona pia kwamba karibu kila swali, hata la dishi au la bando, mwisho wake linarudi kwenye mpira wa miguu. Kwetu mwenye haki za mpira ndiye mwenye wateja, na mtazamaji asipolielewa hilo ataendelea kulipa bila kujua analipia nini.

Kwa nini siwezi kuona kila kitu kwa king'amuzi kimoja?

Kwa sababu haki za matangazo huuzwa moja moja, na anayenunua hununua ili mwenzake asiwe nazo. Ligi Kuu ya Tanzania Bara iko Azam TV. Ligi Kuu ya England na Ligi ya Mabingwa Ulaya, kwa miaka mingi, ziko SuperSport, yaani DStv. StarTimes nayo imekuwa ikichukua mashindano mengine kwa misimu tofauti, Bundesliga ikiwa mojawapo. Shabiki wa Yanga ambaye pia ni wa Arsenal anajikuta na masanduku mawili chini ya televisheni moja, rimoti mbili mezani, na tarehe mbili za kukatika. Hakuna sheria inayomlazimisha mwenye haki kumuuzia mshindani wake.

Zamani tulisimamisha antena juu ya bati, tukaangalia bure. Nini kilibadilika?

Kilichobadilika ni mfumo. Mkutano wa mwaka 2006 wa nchi wanachama wa ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, ulikubaliana kwamba matangazo ya analojia yafikie mwisho tarehe 17 Juni 2015. Tanzania haikusubiri: mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, kisha mikoa mingine ikafuata kwa awamu. Kuanzia hapo vituo vya televisheni havikurusha tena mawimbi yao vyenyewe. Kazi hiyo ilipewa kampuni tatu za kusambaza: Star Media, ambayo ni ubia wa StarTimes na TBC, Basic Transmission yenye king'amuzi cha Continental, na Agape Associates yenye Ting.

Masafa yaliyookolewa yana thamani kubwa. Chaneli moja ya analojia ilikuwa inakula nafasi ambayo sasa inabeba chaneli nyingi za dijitali, na sehemu iliyobaki imekwenda kwenye intaneti ya simu. Ndiyo maana soko la televisheni na soko la simu huwezi kuyatenganisha: yanagombea anga lile lile.

Chaneli za bure bado zipo?

Zipo. TBC1, ITV, Channel Ten, Star TV na EATV ni miongoni mwa zile ambazo king'amuzi cha antena kinatakiwa kuzionyesha hata kama hujalipia kifurushi. Kifurushi kikiisha na TBC1 nayo ikapotea kwenye king'amuzi cha antena, hiyo si kawaida, na una haki ya kuuliza.

Kwa dishi mambo yalikuwa tofauti. Agosti 2018 TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, iliagiza Azam, DStv na Zuku ziondoe chaneli za ndani zisizolipiwa, kwa hoja kwamba leseni zao ni za televisheni ya kulipia na hazikuruhusu kuzibeba. Watu wengi wa vijijini, ambako mawimbi ya antena hayafiki, walibaki hawana taarifa ya habari ya nyumbani. Chaneli hizo zilikuja kurudi baadaye baada ya masuala ya leseni kurekebishwa. Lakini tukio lile lilionyesha jambo ambalo wengi hawakulijua: kuona chaneli ya taifa kwenye dishi kulitegemea aina ya leseni iliyoko ofisini, wala si uwezo wa mtambo.

Ninunue cha antena au cha dishi?

Ukikaa mjini au karibu na mnara, antena inatosha na ni nafuu. StarTimes wanayo, na Azam nao wameongeza king'amuzi cha antena. Ukikaa kwenye bonde, nyuma ya mlima au mbali na mji, nunua dishi na usihangaike. Uliza jirani kwanza kabla ya kumuuliza muuzaji.

Nina dishi la Azam. Nikiligeuza linaweza kupata DStv?

Dishi lenyewe, lile bakuli la bati, halina kampuni. Kinachotofautisha ni linaangalia wapi angani na kichwa kilichofungwa mbele yake. Azam wanatumia satelaiti iliyoko longitudo ya nyuzi 7 mashariki. DStv kwa Afrika Mashariki wanatumia iliyoko nyuzi 36 mashariki. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 39, kwa hiyo satelaiti ya DStv iko karibu utosini na dishi lake limelala likiangalia juu, wakati la Azam limesimama zaidi likielekea magharibi. Pita mtaa wowote, tazama mapaa, utajua nyumba ipi inaangalia nini kabla hujasikia sauti ya televisheni.

Fundi mzuri anaweza kulitumia dishi lile lile kwa kampuni nyingine, lakini king'amuzi ni lazima kiwe cha kampuni husika na kadi yake.

Mvua ikinyesha picha inakatika. Nimlaumu nani?

Usimlaumu mtu, mradi picha inarudi mvua ikipungua. Mawimbi ya satelaiti yanayotumika hapa hudhoofika yanapopita kwenye mvua nzito. Lakini kama hata manyunyu yanakata picha, dishi limesogea au waya umeingia maji kwenye maungio. Mwambie fundi akaze nati na abadilishe vichwa vya waya kabla hajakuuzia kitu kipya.

Nani ana haki za Ligi Kuu, na kwa pesa ngapi?

Azam Media. Mei 2021 TFF, shirikisho la soka Tanzania, ilisaini nao mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, kuanzia msimu wa 2021/22.

Tuivunje hesabu hiyo. Ni wastani wa bilioni 22.56 kwa msimu. Ligi ya timu 16, kila moja ikicheza mechi 30, ina mechi 240. Wastani unakuwa kama milioni 94 kwa mechi moja. Pesa haigawanywi hivyo, kwa sababu timu hupata kulingana na nafasi iliyomaliza na mambo mengine ya mkataba, lakini wastani huo unakupa picha ya ukubwa wake.

Sasa linganisha na mkataba wa kwanza wa Azam, wa mwaka 2013: bilioni 5.56 kwa miaka mitatu. Hiyo ni chini ya bilioni 2 kwa mwaka. Ndani ya miaka minane thamani ya ligi yetu kwa mwaka ilipanda zaidi ya mara 10. Sijui bidhaa nyingi za Tanzania zilizopanda hivyo kwa kipindi hicho.

Basi miaka 10 ni mkataba mzuri?

Hapa nasema maoni yangu wazi: pesa ilikuwa nzuri, muda ni mrefu mno.

Kilicho kizuri kwanza, maana kinastahili kusemwa. Kabla ya Azam, mechi ya Kagera pale Kaitaba au ya Mbeya pale Sokoine ilikuwa ni ya kusikiliza redioni au kusimuliwa na aliyekuwepo. Kupeleka gari la matangazo, kamera, nyaya, jenereta na watu hadi Bukoba ni gharama ambayo mechi yenyewe hairudishi. Viwanja vingi vya mikoani vilikuwa havina taa, ndiyo maana mechi ziliwekwa saa 10 jioni, muda ambao matangazo ya biashara hayalipi kama usiku. Mwekezaji anahitaji uhakika wa miaka kadhaa ili anunue mitambo hiyo. Na utangazaji wa Kiswahili, wenye wachambuzi wanaoijua timu ya mkoa kwa majina na historia, umewafanya watoto wa leo wawafahamu wachezaji wa Namungo kama wanavyowafahamu wa Manchester United. Hilo ni jambo kubwa, na pesa ilitumika kulifikisha hapo.

Lakini kitu kilichopanda mara 10 ndani ya miaka minane, ukikifunga kwa miaka 10 mingine, unamwachia mnunuzi faida yote ya ukuaji. Tazama kilichotokea tangu 2021: Yanga ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, Simba ikafika fainali hiyo hiyo mwaka 2025, wachezaji wa kigeni wameongezeka, 5G imeingia. Bidhaa si ile iliyouzwa. Ligi nyingi duniani huuza haki kwa misimu mitatu au minne, kisha zinaitisha zabuni upya. Na miaka 10 inamaanisha kwamba mshindani yeyote, awe kampuni ya dishi au ya simu, hana sababu ya kujenga uwezo wa kurusha ligi yetu hadi 2031. Uwezo huo haujengwi kwa mwaka mmoja, kwa hiyo siku ya zabuni ikifika mnunuzi wa kweli anaweza kuwa yule yule mmoja.

Ningependa mkataba ujao uwe wa miaka minne, na haki za simu ziuzwe tofauti na za televisheni.

Kampuni inayoonyesha ligi ina timu ndani ya ligi hiyo hiyo. Hakuna mgongano wa maslahi?

Swali hili lina umri sawa na mkataba wa kwanza. Azam Media na Azam FC zote zimetoka kwenye familia moja ya kibiashara, ya Bakhresa. Mwaka 2013 Yanga waliukataa mkataba ule mwanzoni, na hoja hii ilikuwa mojawapo.

Kuwa na timu si kosa. Tatizo linakuja kwenye mambo madogo ambayo kamera ndiyo inaamua: tukio gani linarudiwa mara nne na lipi linarudiwa mara moja, mechi ya nani inapata kamera nyingi. Dawa yake si kumlaumu mtangazaji kila wiki, bali TFF na Bodi ya Ligi kuandika viwango vya matangazo kwenye mkataba na kuvisimamia: idadi ya kamera, picha za marudio kwa matukio yote ya penalti na kadi nyekundu, na nakala ya mechi kwa klabu zote mbili.

NBC ndio wenye ligi?

Hapana. NBC ni mdhamini. Jina lake limebandikwa kwenye ligi tangu 2021, kama la Vodacom kabla yake. Mdhamini analipia jina, mwenye haki za matangazo analipia picha. Ni mifuko miwili tofauti.

Canal+ wameinunua DStv. Kwangu inabadilisha nini?

Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha kuichukua MultiChoice, mmiliki wa DStv na SuperSport, Septemba 2025. Kampuni moja sasa inashika wateja wa televisheni ya kulipia kuanzia Dakar hadi Cape Town. Mnunuzi mkubwa ana nguvu ya kubembeleza bei huko London anapokwenda kununua ligi. Kama nafuu hiyo itafika kwa mteja wa Mbagala au itabaki kwenye vitabu vya kampuni, kitakachoamua ni ushindani, ndiyo maana Azam na StarTimes wakiwa na afya ni faida hata kwa mteja wa DStv.

Kwa nini AFCON hubadilika badilika, mwaka huu huku, mwaka ujao kule?

Kwa sababu CAF, shirikisho la soka Afrika, huuza haki zake kwa mafungu. Kwa AFCON iliyochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024, haki za kusini mwa Sahara zilikuwa mikononi mwa New World TV, kampuni ya Togo. SuperSport walikuwa wameshatangaza kwamba hawataionyesha, halafu makubaliano yakapatikana dakika za mwisho kabisa. Kwa hiyo usinunue king'amuzi kwa ajili ya mashindano fulani hadi kampuni itangaze rasmi kwamba inayo. AFCON ya 2027 itachezwa kwetu, Kenya na Uganda, na nina hakika wauzaji wataanza kuahidi mapema. Dai tangazo la maandishi.

Naweza kuachana na dishi nikaangalia kwa bando tu?

Unaweza. AzamTV Max, DStv Stream na StarTimes ON zote zipo kwenye simu. Lakini fanya hesabu.

Picha ya kawaida ya kuridhisha inakula kama megabiti 1.5 kwa sekunde. Mechi pamoja na mapumziko na dakika za nyongeza ni kama saa mbili, kwa hiyo utatumia karibu GB 1.3. Ukitaka picha kali, zidisha mara mbili. Mwongozo wa TCRA wa mwaka 2021 uliweka bei ya MB moja kati ya shilingi 2.03 na 9.35. Kwa bei ya chini kabisa hiyo mechi ni kama shilingi 2,600. Kwa bei ya juu ni zaidi ya shilingi 12,000. Tofauti hiyo yote inatokana na bando gani umejiunga: la wiki au mwezi hushusha bei, la saa chache la kujiunga kwa haraka huipandisha. Na bado hujalipia programu yenyewe.

Halafu kuna kuchelewa. Picha ya mtandaoni hukatwa vipande, vikatumwa na kukusanywa upya kwenye simu yako, kwa hiyo uko nyuma ya dishi kwa sekunde nyingi, wakati mwingine nusu dakika. Siku ya Simba na Yanga utasikia mtaa mzima unalipuka wakati kwenye simu yako mpira bado uko katikati ya uwanja. Kwa mechi ya kawaida unavumilia. Kwa dabi, haivumiliki.

La tatu ni njia yenyewe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika na intaneti ikayumba nchi nzima. Mwishoni mwa Oktoba 2025, kuanzia siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Dishi liliendelea kupokea kama kawaida. Ushauri wangu: ukiwa na intaneti ya waya nyumbani isiyo na kikomo, acha dishi bila wasiwasi. Ukitegemea bando la simu, dishi bado ni nafuu kwa anayeangalia kila wiki.

Kodi kwenye bando na kifurushi ni kiasi gani?

Hadi mwaka 2024 huduma za simu zilitozwa ushuru wa bidhaa asilimia 17, kisha VAT asilimia 18 juu yake. Kwa viwango hivyo, katika shilingi 1,000 ya muda wa maongezi au bando, huduma yenyewe ilikuwa kama shilingi 724. Upande wa ving'amuzi, bajeti ya 2022/23 ilikuja na pendekezo la tozo ya shilingi 1,000 hadi 3,000 kwenye malipo. Kampuni za nje zinazouza huduma za mtandaoni nazo zilianza kutozwa asilimia 2 ya mapato yao ya hapa mwaka 2022. Kampuni hailipi kodi hizi mfukoni mwake; zimo kwenye bei yako.

Nataka kufungua kibanda umiza. Kifurushi cha nyumbani kinatosha?

Hakitoshi. Kifurushi cha nyumbani kimeuzwa kwa ajili ya sebule, na ukitoza kiingilio umeshahamia kwenye biashara. Kampuni za televisheni zina vifurushi vya biashara, halmashauri ina leseni yake, na kazi za wasanii na watangazaji zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ambayo kwa Bara husimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Lakini niseme na upande wa pili. Kibanda umiza ndicho kilichowapa mpira mamilioni ya Watanzania wasioweza kulipia kifurushi cha mwezi. Mtu analipa shilingi chache, anakaa kwenye benchi la mbao, anaangalia dakika 90 na kuondoka. Kampuni zingekuwa na kifurushi cha biashara cha siku moja, kwa bei ambayo mwenye benchi 10 anaimudu, wengi wangelipa kihalali. Kuwakamata tu hakuongezi mteja hata mmoja.

Naweza kurusha mechi kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni?

Hapana, hata kama umeipiga kwa simu kutoka kwenye televisheni yako mwenyewe. Kujadili mechi, kutoa matokeo na kuchambua ni ruksa. Kama unataka kuanzisha televisheni ya mtandaoni ya habari, soma Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni. Za mwaka 2018 zilidai shilingi 100,000 ya maombi, milioni 1 ya leseni na milioni 1 kila mwaka, kiwango kilichowafunga midomo vijana wengi wenye vipaji. Zilibadilishwa 2020 na kurekebishwa tena 2022, kwa hiyo uliza TCRA viwango vya sasa kabla hujaanza.

Zanzibar ni hivyo hivyo?

Si kila kitu. Mawasiliano ya simu na posta ni suala la Muungano, utangazaji si la Muungano. Maudhui ya redio na televisheni visiwani yako chini ya Tume ya Utangazaji Zanzibar, na usambazaji wa dijitali una kampuni yake, ZMUX. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, wakati Bara ilisubiri hadi 1994.

Nimelipia na chaneli haijafunguka, au nimekatwa kabla ya siku. Nianzie wapi?

Anzia kwa kampuni yenyewe, na usikubali kukata simu bila namba ya malalamiko. Weka pamoja namba ya kadi ya king'amuzi, ujumbe wa muamala wa M-Pesa, Airtel Money, Mixx au HaloPesa, tarehe na saa, na picha ya kile kinachoonekana kwenye skrini pamoja na namba ya kosa. Kabla ya hapo hakikisha king'amuzi kimewaka na kiko kwenye chaneli uliyolipia, maana amri ya kufungua hupita hewani na king'amuzi kilichozimwa hakiipokei.

Kampuni isipokusaidia, peleka malalamiko kwa maandishi TCRA, ukiambatanisha ushahidi huo wote na namba uliyopewa. Baraza la Ushauri la Watumiaji, TCRA-CCC, husaidia wasiojua pa kuanzia. Usiporidhika na uamuzi wa TCRA, rufaa inakwenda Baraza la Ushindani. Watu wengi huishia kulalamika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, ambako hakuna mtu wa kampuni anayesoma.